Pakiti Zinazotupwa kwenye Seva ya Unix: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wasimamizi wa seva za Linux, na kwa sehemu FreeBSD, wanaoletewa malalamiko ya aina ile ile kila wiki: mtandao unakatika-katika, mfumo umekuwa mzito, faili linaanza kushuka kisha linakwama. Mifano inachukulia kwamba kiolesura cha mtandao kinaitwa `eth0`. Weka jina la kiolesura chako. Amri nyingi zinahitaji haki za root.

## Misingi

1. Pakiti "kutupwa" ni nini, na kuna tofauti gani na "kupotea"?

Mtumiaji huona jambo moja tu, kwamba alichokituma hakikufika. Kwa msimamizi wa seva mambo ni mawili. Pakiti (kifurushi kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni) imetupwa pale kifaa au programu ilipoipokea ikiwa nzima, kisha ikaacha kuipitisha kwa sababu foleni imejaa, sheria ya ngome (firewall) inaikataa, au hakuna anayeisubiri. Pakiti imeharibika pale biti zake zilipobadilika njiani, kadi ya mtandao ikakokotoa hesabu ya uhakiki, ikaona hailingani, ikaiacha. "Kupotea" ni neno la jumla tunalotumia tukiwa bado hatujajua ni lipi kati ya hayo limetokea, na limetokea wapi.

Tofauti hii ina manufaa makubwa kazini, kwa kuwa karibu kila mahali pakiti inapotupwa pana kihesabu kinachoongezeka kwa moja. Kwa maoni yangu, uchunguzi wote ni kukitafuta kihesabu kinachopanda pale malalamiko yanapopanda. Kabla ya kukipata, kubadilisha mipangilio ya kerneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji) ni kubahatisha, na mipangilio ya kubahatisha hubaki kwenye seva miaka mingi bila yeyote kujua iliwekwa kwa nini.

2. Upotevu wa kiasi gani unapaswa kunitia wasiwasi?

Inategemea umbali. Kanuni iliyochapishwa na Matthew Mathis na wenzake mwaka 1997 inakadiria dari ya kasi ya muunganisho mmoja wa TCP (itifaki inayohakikisha data inafika kamili) hivi: chukua ukubwa wa kipande cha data, gawanya kwa muda wa kwenda na kurudi, zidisha kwa takriban 1.22, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu.

Tuchukue kipande cha baiti 1460 na upotevu wa asilimia 1. Kati ya seva mbili za chumba kimoja, zenye muda wa milisekunde 1, dari ni takriban megabiti 142 kwa sekunde, na huenda hakuna atakayelalamika. Kati ya mtumiaji aliyeko Dar es Salaam na seva iliyoko Ulaya, tukikadiria milisekunde 150, upotevu ule ule unashusha dari hadi chini ya megabiti 1. Upotevu ukipungua mara mia, hadi asilimia 0.01, dari inapanda mara kumi tu, yaani kama megabiti 9.5.

Kanuni hiyo ilitungwa kwa TCP ya mtindo wa Reno, njia ya zamani ya kurekebisha kasi ya kutuma. Njia ya CUBIC inayotumiwa na Linux kwa kawaida huvumilia zaidi kidogo, na BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, huvumilia zaidi sana kwa sababu haihesabu kila pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano. Hata hivyo somo kwa msimamizi wa Afrika Mashariki linabaki pale pale: upotevu ambao mwenzako aliyeko karibu na seva hauoni kabisa unaweza kuifanya huduma isitumike kwa wateja walio mbali. Usikubali jibu la "kwangu inafanya kazi" kabla ya kupima kutoka upande wa mteja.

3. Nitatambuaje kama ni pakiti zinazopotea au ni seva iliyolemewa na kazi?

Angalia muda wa kuchelewa. Seva iliyolemewa huchelewa kwa muda unaopanda na kushuka ovyo: nusu sekunde sasa hivi, sekunde 2 baadaye, sekunde 4 jioni. Pakiti iliyopotea huchelewesha kwa vipimo maalumu, kwa sababu mtumaji husubiri saa yake iishe ndipo atume tena. Kwenye Linux, muda mfupi kabisa wa kusubiri kabla ya kutuma tena ndani ya muunganisho ulio hai ni milisekunde 200. Pakiti ya kwanza ya kufungua muunganisho ikipotea, kusubiri ni sekunde 1, na ikipotea tena muunganisho mara nyingi hufunguka kwenye sekunde ya 3. Ombi la DNS (la kutafuta anwani ya jina) likipotea, mfumo husubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza tena.

Kwa hiyo ukurasa unaofunguka mara tisa kwa milisekunde 80 na mara ya kumi kwa milisekunde 1080 unakueleza jambo mahsusi: pakiti ya kwanza ilianguka. Andika nyakati hizo kwa kurudia `curl` (amri ya kuomba ukurasa) mara mia moja, kisha uzipange. Zikikusanyika kwenye 1, 3 au 5, endelea na majibu yanayofuata. Zikitawanyika, ichunguze programu na hifadhidata kwanza.

4. Nianzie wapi?

Fuata njia ya pakiti. Ikiingia, hupita kebo, kadi ya mtandao, foleni ya kadi (huitwa pete, kwa kuwa nafasi zake huzunguka), kerneli, sheria za ngome, bafa ya soketi (mahali pakiti zinapoisubiri programu), ndipo programu huisoma. Kila kituo kina kihesabu chake:

- kebo na kadi: `ip -s -s link show eth0` na `ethtool -S eth0` (maswali 8 hadi 10)
- kerneli: `/proc/net/softnet_stat` (swali la 11)
- ngome: `iptables -nvL`, au `nft list ruleset` pale sheria zilipowekewa vihesabu, pamoja na `conntrack -S` (swali la 13)
- soketi: `nstat -az` na `ss` (maswali 14 na 15)

Usitishwe na namba kubwa unayoiona mara ya kwanza. Vihesabu vingi hujumlisha tangu seva ilipowashwa, na pakiti elfu 40 zilizotupwa katika siku 300 huenda zilitupwa zote katika dakika moja ya mwaka jana. Soma, subiri sekunde 60 wakati tatizo linaendelea, soma tena, kisha toa. Amri ya `nstat` ikiendeshwa bila `-a` hukufanyia kazi hiyo, kwani huonyesha tofauti tangu ulipoiendesha mara ya mwisho.

## Kupima kutoka nje

5. `mtr` inaonyesha ruta ya katikati inapoteza asilimia 62. Je, nimpigie mtoa huduma?

Bado. `mtr` hupima kila hatua ya njia ya pakiti. Tazama mfano huu, wenye hatua, jina, upotevu na muda kwa milisekunde:

```
 4. ruta-a     0.0%    8.1
 5. ruta-b    62.0%   31.4
 6. ruta-c     0.0%   32.0
 7. seva       0.0%   32.3
```

Kama pakiti 62 kati ya 100 zingekuwa zinatupwa kwenye hatua ya 5, zote 100 zisingeweza kufika hatua ya 7. Kilichotokea ni kwamba ruta ile hupitisha pakiti za wengine kwa vifaa vya kasi, lakini kujibu maswali yanayoielekea yenyewe ni kazi ya prosesa yake ndogo, ambayo imewekewa kikomo cha majibu. Upotevu wa kweli huanzia hatua fulani na kuendelea hadi mwisho.

Kuna mtego mwingine. Majibu hurudi kwa njia ambayo huenda ni tofauti na ile ya kwenda, na `mtr` haiwezi kukuonyesha ni upande upi uliopoteza. Iendeshe kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa pakiti zisizopungua mia kadhaa, na ikiwezekana kwa poti halisi ya huduma: `mtr -T -P 443`. Vifaa vingi njiani huzibagua pakiti za ICMP, zile zinazotumiwa na ping na `mtr` ya kawaida.

6. Ping haipotezi hata pakiti moja, lakini kunakili faili kunakwama. Inawezekanaje?

Ping ya kawaida kwenye Linux hutuma baiti 64 za ICMP kila sekunde. Mzigo mwepesi kiasi hicho hupita palipo na hitilafu mbili ambazo faili kubwa haliwezi kuzipita: hitilafu ya ukubwa wa pakiti (swali la 17) na hitilafu ya kuwasiliana kwa zamu (swali la 9). Jaribu `ping -s 1472 -M do` ili kupima ukubwa, na `iperf3` ili kupima mzigo, huku ukitazama vihesabu vya kadi.

7. Nitathibitishaje kwamba pakiti ilifika kwenye seva?

Endesha `tcpdump` (programu ya kunasa pakiti) pande zote mbili kwa pamoja, uhifadhi kwenye faili, kisha ulinganishe namba za mfuatano za TCP:

```
tcpdump -ni eth0 -s 96 -B 8192 -w upande-a.pcap host 192.0.2.10
```

Kumbuka mahali `tcpdump` inaposimama. Pakiti inayoingia huonekana kabla ya sheria za iptables, na inayotoka huonekana baada yake. Kwa hiyo ukiiona pakiti ikiingia na programu isiipate, mtandao wa nje hauna kosa. Chunguza ndani ya seva.

Mambo matatu huwapotosha watu hapa. Mstari wa mwisho unaosema "packets dropped by kernel" unahusu bafa ya `tcpdump` yenyewe, wala si mtandao, ongeza `-B`. Pakiti zinazotoka zenye hesabu ya uhakiki "incorrect" ni za kawaida, kwa sababu kadi ndiyo inayoikamilisha hesabu hiyo baada ya `tcpdump` kuziona. Na pakiti za baiti elfu kadhaa kwenye mtandao wa baiti 1500 ni vipande ambavyo kerneli imeviunganisha ili kupunguza kazi. Havikupita kwenye kebo vikiwa hivyo.

## Kebo, kadi na swichi

8. Safu za `errors`, `dropped` na `missed` kwenye `ip -s link` zina maana gani?

`errors` ni fremu (umbo la pakiti ikiwa kwenye kebo) zilizofika zikiwa na kasoro. Ukitumia `-s` mara mbili utaona mchanganuo, na `crc` (hesabu ya uhakiki isiyolingana) ndiyo inayokuhusu zaidi. `missed` ni fremu nzima ambazo kadi haikupata nafasi ya kuziweka kwenye kumbukumbu, kwa kuwa seva ilichelewa kuondoa zilizotangulia. `dropped` ni zile zilizotupwa baada ya hapo, kwa sababu mbalimbali, nyingine zisizo na madhara (swali la 12). Matoleo ya zamani ya `ip` huonyesha `overrun` mahali pa `missed`.

`crc` ikipanda, hakuna mpangilio wa kerneli utakaoiponya. Badilisha kebo, kisha poti ya swichi, kisha kadi, moja baada ya nyingine, ukisoma kihesabu baada ya kila badiliko. Kama ni nyuzi za mwanga, `ethtool -m eth0` hukupa nguvu ya mwanga unaopokelewa. Ikiwa chini ya kiwango cha moduli, safisha ncha kwa kifaa chake maalumu kabla ya kununua chochote. Kumbuka pia kusoma vihesabu vya swichi, kwa kuwa fremu unazozituma zikiharibika njiani, ni swichi inayozihesabu.

9. Kasi inaanguka mara tu mzigo unapoongezeka, na seva inaonyesha "late collisions". Tatizo ni nini?

Upande mmoja unazungumza na kusikiliza kwa wakati mmoja, na mwingine unazungumza kwa zamu. Hutokea mtu anapofunga poti ya swichi kwa mkono kwenye megabiti 100 na kuzungumza na kusikiliza kwa wakati mmoja, huku seva ikiachwa ijipange yenyewe. Seva hutambua kasi kutokana na mawimbi, lakini haiwezi kutambua aina ya mazungumzo, na kanuni za Ethernet zinaiamuru ichukue zamu. Mazungumzo ya polepole hupita salama. Mzigo ukizidi, upande wa zamu huona migongano iliyochelewa, na upande wa pili huona fremu zenye `crc` mbovu.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako uhifadhi wa nakala za usiku ulikuwa haumaliziki hadi asubuhi. Kebo ilikuwa imebadilishwa mara mbili, diski mpya zilikuwa zimeagizwa, na mpango wa kuhamisha data yote ulikuwa mezani. `ethtool eth0` ilitoa mistari miwili iliyotosha: `Speed: 100Mb/s` na `Duplex: Half`. Fundi aliyeifunga ile poti alikuwa ameondoka miaka kadhaa nyuma. Tuliirudisha poti kwenye kujipanga yenyewe, na kazi ya saa tisa ikaisha kwa chini ya saa moja. Tangu siku ile, amri hiyo ndiyo ya kwanza ninayoiandika ninapokalia seva nisiyoijua.

Kwa gigabiti kwenye shaba, kujipanga ni sehemu ya kiwango chenyewe. Kuache kukiwa kumewashwa pande zote mbili.

10. `missed` inapanda. Je, niongeze ukubwa wa foleni ya kadi?

Mara nyingi, ndiyo, na ni badiliko lenye gharama ndogo. `ethtool -g eth0` huonyesha ukubwa wa sasa na wa juu kabisa. Kadi nyingi huanza na nafasi 256 au 512 ilhali zina uwezo wa 4096. Kwenye gigabiti 10, fremu kamili za baiti 1500 huingia zaidi ya 800,000 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi 512 hujaa kwa takriban sekunde 0.0006. Prosesa ikishikwa na kazi nyingine kwa muda mfupi namna hiyo, fremu zinamwagika.

```
ethtool -G eth0 rx 4096
```

Fanya hivyo wakati wa utulivu, kwani kadi nyingi hukata mawasiliano kwa muda mfupi zinapojipanga upya. Ikiwa `missed` itaendelea kupanda baada ya hapo, foleni ndefu haitakusaidia. Kasi ya kuingia imezidi kasi ya kutoka. Soma swali la 11.

## Ndani ya kerneli

11. Nisomeje `/proc/net/softnet_stat`?

Kila mstari ni kiini kimoja cha prosesa, na namba zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Huu ni mwanzo wa mistari miwili:

```
0a3f51c2 00000b17 0000029c
0001d40e 00000000 00000000
```

Safu ya kwanza ni pakiti zilizoshughulikiwa. Ya pili ni zilizotupwa kwa sababu foleni ya kiini hicho, yenye kikomo cha `net.core.netdev_max_backlog`, ilijaa: hapa `b17`, yaani 2839. Ya tatu ni mara ambazo kerneli iliacha kazi njiani kwa kuwa mgao wake wa pakiti au wa muda uliisha: `29c`, yaani 668. Hizo za safu ya tatu hazijatupwa, zimecheleweshwa.

Sasa tazama jambo ambalo namba zenyewe hazilitaji kwa jina. Kiini cha kwanza kimeshughulikia zaidi ya pakiti milioni 171, na cha pili hakijafikisha 120,000. Kuongeza `netdev_max_backlog` kutapunguza 2839, lakini ugonjwa ni kwamba kazi yote inamwangukia kiini kimoja. Tazama `/proc/interrupts` uone ishara za kadi zinakwenda wapi, hakikisha `irqbalance` inafanya kazi, na kwa `ethtool -l eth0` angalia kama kadi ina foleni kadhaa ambazo hazijawashwa. Kadi ikiwa na foleni moja tu, mpangilio wa `rps_cpus` huifanya kerneli igawe kazi yenyewe.

12. `dropped` inapanda taratibu hata seva ikiwa haina kazi, na hakuna anayelalamika. Nifanye nini?

Huenda hakuna la kufanya. Tangu kerneli ya 2.6.37, kihesabu hiki hujumlisha pia fremu ambazo seva haina itifaki ya kuzipokea: matangazo ya swichi, fremu za VLAN isiyosanidiwa, au IPv6 pale ilipozimwa. Ishara nzuri ya kutambua ni hii: endesha `tcpdump -i eth0` na utazame kihesabu. Kikisimama wakati `tcpdump` inaendelea na kuanza tena ikizimwa, fremu zile hazikuwa na mpokeaji, na sasa `tcpdump` imekuwa mpokeaji wake.

13. Logi inasema "nf_conntrack: table full, dropping packet". Je, nipandishe kikomo tu?

Kupandisha `net.netfilter.nf_conntrack_max` kutarudisha huduma hewani, na kwa dharura ndilo la kufanya. Baadaye uliza kwa nini jedwali hilo, ambalo ngome hulitumia kufuatilia miunganisho, lilijaa. Muunganisho wa TCP ulio hai hukumbukwa kwa sekunde 432,000, yaani siku 5, hata kama pande zote zimekwisha kusahauliana; punguza `nf_conntrack_tcp_timeout_established` iendane na hali halisi ya huduma yako. Seva ya DNS yenye maombi mengi haihitaji kufuatiliwa kabisa, na sheria ya `NOTRACK` huiondolea mzigo huo.

Kuna hali inayofanana lakini haiachi ujumbe kwenye logi. `conntrack -S` ikionyesha `insert_failed` inapanda, na maombi ya DNS kutoka kwenye kontena yanachelewa sekunde 5 (rejea swali la 3), maombi mawili ya A na AAAA (anwani ya IPv4 na ya IPv6) yaliyotoka kwenye soketi moja kwa wakati mmoja yamegongana ndani ya jedwali, na moja limetupwa. Chaguo la `single-request-reopen` ndani ya `resolv.conf` huyatenganisha kwa programu zinazotumia glibc.

14. `UdpRcvbufErrors` inapanda. Maana yake nini?

Pakiti ya UDP imefika hadi mlangoni mwa programu ikakuta bafa ya soketi imejaa. Mtandao umemaliza kazi yake. Programu ndiyo inayosoma polepole. `ss -lunm` huonyesha soketi ipi, na herufi `d` ndani ya `skmem` ni idadi iliyotupwa kwenye soketi hiyo.

Kikomo cha kawaida cha `net.core.rmem_max` kwenye kerneli nyingi ni baiti 212,992, kiasi kidogo kwa mpokeaji wa logi au wa sauti. Kukipandisha hakutoshi: programu lazima iombe bafa kubwa yenyewe, au upandishe `rmem_default` pia. Na kama programu husimama kwa sekunde nzima kila inapoandika kwenye diski, bafa yoyote itajaa. Mtaalamu wa programu anahitaji kuonyeshwa namba hizi kwa upole lakini bila kuficha.

15. Wateja wanakataliwa au wanachelewa sekunde 1 wakati wa msongamano tu, na kadi haina hitilafu yoyote. Niangalie wapi?

Angalia foleni ya miunganisho inayosubiri kupokewa. Kwenye `ss -lnt`, safu ya `Recv-Q` ni wanaosubiri na `Send-Q` ni kikomo. Zikilingana, foleni imejaa, na `nstat` itaonyesha `TcpExtListenOverflows` ikipanda. Kikomo ni kidogo kati ya viwili: kile programu ilichoomba na `net.core.somaxconn`, ambacho kilikuwa 128 hadi kerneli ya 5.4 ilipokifanya 4096. Nginx kwenye Linux huomba 511 isipoambiwa vingine. Baada ya kubadilisha, anzisha programu upya, kwani foleni hupimwa programu inapofungua poti.

16. Seva ina kadi mbili. Pakiti zinaingia kwenye kadi ya pili, `tcpdump` inaziona, lakini hazijibiwi. Kwa nini?

Kerneli hujiuliza: "Kama ningemjibu mtumaji huyu, ningetumia kadi ipi?" Ikiwa jibu ni kadi nyingine, na `rp_filter` (mpangilio wa ukaguzi huu) ni 1, pakiti hutupwa kimya. Kihesabu chake ni `TcpExtIPReversePathFilter`. Washa `log_martians` uzione kwenye logi. Suluhisho safi ni jedwali la njia kwa kila kadi kwa `ip rule`. Kuweka `rp_filter` kuwa 2 hulegeza ukaguzi, na kunakubalika kwenye mtandao wa ndani unaouamini. Kerneli huchukua thamani kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kiolesura, kwa hiyo kuweka 0 kwenye kiolesura peke yake hakubadilishi kitu ikiwa `all` ni 1.

## Kesi za pembeni

17. SSH inaunganika, lakini ukitoa amri yenye majibu marefu dirisha linaganda. Ni nini hicho?

Pakiti kubwa haipiti mahali fulani, na taarifa ya kutopita haimfikii mtumaji. Ruta inayoshindwa kuipitisha inatakiwa kurudisha ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, msimbo wa 4, ukieleza ukubwa unaokubalika. Msimamizi fulani njiani amezuia ICMP yote akidhani anaongeza usalama, na mtumaji anaendelea kurudia pakiti ile ile bila kujua.

Tafuta ukubwa unaopita: `ping -M do -s 1472` ni sawa na pakiti ya baiti 1500, ukijumlisha baiti 28 za vichwa. Shusha hadi ipite. Ikipita kwenye 1464, huenda kuna PPPoE njiani, yenye 1492. Handaki la WireGuard kwa kawaida ni 1420. Ruhusu aina hiyo ya ICMP kwenye ngome yako mwenyewe kwanza. Kwenye ruta unayoimiliki, `TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu` hupunguza vipande vya TCP tangu mwanzo wa muunganisho. Njia ikiwa si yako, `net.ipv4.tcp_mtu_probing=1` huifanya seva ijaribu vipande vidogo yenyewe.

18. Seva yangu ni ya kukodi kwenye wingu. Vihesabu vyote ni sifuri na pakiti bado zinapotea.

Mashine yako ni mgeni ndani ya mashine nyingine, na vituo vingine viko nje ya uwezo wako wa kuona. Tazama `st` kwenye `top`: ikiwa juu, prosesa yako inatumiwa na jirani. Watoa huduma wengine huweka vikomo vya pakiti kwa sekunde na kuvionyesha. Kwenye AWS, kwa kadi za ENA, `ethtool -S eth0` ina `pps_allowance_exceeded` na `conntrack_allowance_exceeded`. Zikipanda, aina ya mashine uliyochagua ni ndogo kwa kazi hiyo.

19. Kwenye FreeBSD nitumie amri zipi?

`netstat -i -d` huonyesha makosa na zilizotupwa kwa kila kiolesura. `netstat -m` huonyesha maombi ya kumbukumbu ya mtandao yaliyokataliwa ("denied"), ambayo yanapaswa kubaki sifuri. `netstat -Lan` ni mwenzake wa `ss -lnt`, na kikomo chake ni `kern.ipc.soacceptqueue`. Ujumbe wa "Limiting icmp ping response" unamaanisha kwamba mfumo umefikia `net.inet.icmp.icmplim`, ambayo kwa kawaida ni 200 kwa sekunde. Ping itaonyesha upotevu ambao huduma halisi haiupati.

20. Nimekagua vihesabu vyote na sijapata. Kuna njia ya kuiuliza kerneli moja kwa moja?

Ipo. Kila kerneli inapoitupa pakiti hupitia sehemu inayoweza kufuatiliwa. `dropwatch -l kas` hutaja jina la kazi ya kerneli iliyoitupa, na `perf trace -e skb:kfree_skb` huongeza sababu kwa maneno, kama `NO_SOCKET`, kwa kerneli ya 5.17 na kuendelea. Iendeshe kwa sekunde chache tu kwenye seva yenye mzigo mkubwa.

21. Nimethibitisha kwamba upotevu uko nje ya seva. Nimpelekee nini mtoa huduma?

Mpelekee `mtr` ya pande zote mbili, saa kamili pamoja na ukanda wa saa, anwani za mwanzo na mwisho, na rekodi ya siku ambayo hapakuwa na tatizo. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo inayoonyesha kama njia imebadilika. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nyingi za Afrika Mashariki zilibaki na njia chache zilizojaa. Katika hali ya namna hiyo hakuna seva iliyoharibika, na msimamizi mwenye rekodi za jana huliona hilo kwa dakika moja, wakati asiye nazo anaweza kushinda usiku mzima akibadilisha mipangilio mizima.

22. Nilipata mpangilio sahihi, lakini seva ikiwashwa upya tatizo linarudi.

Amri za `sysctl -w` na `ethtool -G` hufutika seva inapozimwa. Za `sysctl` ziandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Zile za `nf_conntrack` zina mtego: faili likisomwa kabla moduli haijapakiwa, mpangilio hauna pa kukaa na hupuuzwa, kwa hiyo itaje moduli hiyo ndani ya `/etc/modules-load.d/`. Ukubwa wa foleni ya kadi huwekwa kwa `ethtool.ring-rx` kwenye NetworkManager, au `RxBufferSize=` kwenye faili la `.link` la systemd. Juu ya kila mstari andika maelezo mafupi: tarehe, kihesabu kilichokuongoza, na kasi yake kabla na baada ya badiliko.